Kamba katikati ya shamba la Mama

Mwezi huu ni zamu yangu kuandika. Wengine wameshaandika juu ya safari, juu ya shule, juu ya mapenzi. Mimi naandika juu ya ploti. Najua haichekeshi, lakini kwetu ploti ilibaki kidogo ivunje familia, na najua siyo kwetu tu. Soma taratibu, labda kuna kitu kitakusaidia.

Ilikuwa Jumamosi. Niko Mbarara, kazini, nachomelea mlango wa chuma. Simu ikalia, ni mdogo wangu wa kike. Analia. "Kuja mbio. Yaya mukubwa ameshapiga kamba katikati ya shamba. Iko anasema nusu ya barabarani ni yake, na mutu wa kuinunua ameshapatikana."

Nilizima mashine. Bosi akaniangalia, nikamwambia mambo ya nyumbani, akanipa ruhusa ya siku mbili.

Kwanza niwaeleze familia yetu. Tulitoka Rutshuru mwaka 2012, vita vya M23 vilipochacha. Tulipitia Bunagana, tukalala Nyakabande pale Kisoro, halafu basi likatuleta Nakivale. Tulikuwa Mama, kaka yetu mkubwa ambaye sisi wote tunamwita Yaya, mimi, na mdogo wetu aliyekuwa bado mgongoni. Baba hatukufika naye. Mama akaandikishwa, akapata atestesheni yenye majina yetu wanne, akaonyeshwa ploti: hapa jenga, hapa lima. Ilikuwa vichaka na miiba. Mama na Yaya waliifyeka kwa panga moja, wakipokezana. Yaya alikuwa na miaka kumi na tano. Nalisema hili mapema kwa sababu mbele mtamwona Yaya kama mtu mbaya, na siyo mtu mbaya. Jasho lake liko kwenye ule udongo.

Basi, miaka ikaenda. Yaya akaoa, akajenga nyumba ya udongo na mabati nyuma ya nyumba ya Mama. Watoto wakaja, mmoja, wawili, watatu. Mimi nikaenda kutafuta kazi Mbarara. Ploti ni ile ile. Watu wanaongezeka, udongo hauongezeki. Nakivale ina kilomita za mraba zipatazo 185 tu, na watu wamekuwa wakiletwa hapa tangu mwisho wa miaka ya 1950. Waliofika zamani walipata mashamba mapana. Wanaofika sasa wanapata pa kuweka nyumba na bustani ndogo. Kijana aliyekulia hapa akioa, hakuna ploti mpya inayomngojea. Anajenga kwa wazazi wake.

Halafu mwaka 2023 msaada wa chakula ukaanza kutolewa kwa makundi, kila familia kulingana na hali yake. Nyumba ya Yaya ilionekana ina kijana mwenye nguvu, ikashushwa. Mahindi ya mwaka ule hayakukaa vizuri. Rafiki yake wa Kampala akamwambia kuna kazi ya kupakia mizigo sokoni. Yaya alihitaji nauli, na pesa ya kuacha nyumbani. Akatokea bwana mmoja anayetaka sehemu ya barabarani ajenge duka. Ndiyo ile kamba.

Nilifika jioni. Kamba ya nailoni ya bluu ilikuwa imefungwa kwenye mti wa parachichi, inapita juu ya maharage, inaishia kwenye kijiti upande wa pili. Mama amekaa mlangoni, haongei. Nikamwuliza Yaya, "Umemuuliza Mama?" Akajibu, "Mama ni mama. Lakini nani alifyeka hapa?" Nikamwambia, "Hii udongo haiuzwe, Yaya. Si yetu." Akacheka kicheko kibaya. "Haiuzwe? Zunguka hapa kijijini, unionyeshe nani hajauza hata hatua tano."

Sikuwa na jibu. Alisema kweli, watu wanauziana kimya kimya. Karatasi ya daftari, mashahidi wawili, mchana wa Jumapili.

Halafu mke wake akaniita pembeni, akanong'ona: Yaya ameshachukua avansi. Laki tatu. Na laki mbili zimeshalipa karo ya watoto.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa na hasira, na hasira ikanifundisha ujanja. Nikasema kama ni kugawa, basi tugawe kabla hajauza. Nusu yake, nusu yangu. Nitaandika barua, nitapeleka, yeye akiamka nusu yangu iko salama. Nikachukua daftari la mdogo wangu, nikachora ploti, nikapima kwa miguu asubuhi: hatua hamsini na mbili kwenda chini, thelathini upana. Nikapiga mstari. Nikaona nimeshinda.

Nikamwomba Yaya anipe wiki mbili tu, asipokee pesa nyingine. Akakubali, nadhani hata yeye alikuwa anaogopa. Nikarudi Mbarara na ule mchoro mfukoni.

Sasa hapa kuna mama mmoja lazima niwaambie. Mbarara napanga muzigo, chumba kimoja, nyuma ya nyumba ya mjane. Ni Munyankore, mama wa watoto wanne, mgonjwa wa magoti. Ananiita mwana wangye. Mwaka ule alikuwa anahangaika kugawa kiwanja cha marehemu mume wake kwa watoto, na kwa sababu hawezi kutembea sana, alinichukua kuwa mbeba faili. Kila nikipata nafasi tunapanda boda, yeye mbele na fimbo, mimi nyuma na bahasha. Nilidhani namsaidia tu kubeba. Kumbe nilikuwa shuleni.

Nawaambia nilichokiona, kwa sababu wengi wetu tunafikiri wenyeji wana raha, kwamba raia akitaka kukata ardhi yake anachukua panga anakata. Hapana.

Kwanza, ardhi ilikuwa bado kwa jina la marehemu. Mjane hawezi kuigawa hivi hivi. Ilibidi kwanza aende mahakamani kupata barua za kusimamia mirathi. Mpaka hapo hakuna hata jiwe moja lililosogezwa.

Pili, ofisi ya ardhi. Tukafanya upekuzi wa hati, kuona kama hati ni ya kweli na kama hakuna mkopo wa benki au zuio la mtu juu yake. Tatu, mpima ardhi, yaani saveya, na si saveya yeyote, lazima awe amesajiliwa. Alikuja na mashine yake, akatafuta mawe ya mpaka ya zamani, mawili yalikuwa yamefukiwa na taka. Majirani waliitwa kusimama kwenye mipaka. Mwenyekiti wa LC1 alikuwepo.

Nne, na hapa ndipo ilipokwama: mipango miji. Uganda ina Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2010, na hiyo sheria ilisema nchi nzima ni eneo la mipango, mji na kijiji. Maana yake huwezi kujenga wala kubadilisha matumizi ya kiwanja bila ruhusa ya kamati. Na Mbarara imekuwa jiji tangu Julai 2020, kwa hiyo macho yameongezeka. Mjane alitaka vipande vinne, kila mtoto kimoja. Saveya akachora vinne. Afisa wa mipango akaangalia ramani, akachukua rula, akatikisa kichwa.

Alisema mambo mawili. Vipande vinne vitakuwa vyembamba kupita kiwango cha mtaa ule. Na cha pili akakigusa kwa kidole kwenye karatasi: "Huyu wa nyuma anapita wapi?"

Kipande cha nyuma kilikuwa cha binti wa mwisho. Mbele yake kuna kaka zake wawili, pembeni ukuta wa jirani, nyuma mfereji. Kwenye karatasi alikuwa na ardhi. Lakini hakuwa na njia ya kufika kwake. Angeishi kwa huruma ya kaka zake, na wake za kaka zake, na siku wakiuza, kwa huruma ya mgeni.

Mjane alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Wanakaa vizuri na dada yao." Yule afisa akajibu kwa heshima, "Mama, leo wanakaa vizuri. Ramani ni ya siku wasipokaa vizuri."

Ndugu zangu, hilo neno lilinichoma. Nilikuwa na daftari langu mfukoni.

Mjane hakukata tamaa. Kumbe kuna njia ya kuomba msamaha wa kiwango. Unaandika kwa kamati: najua kanuni inasema hivi, lakini kiwanja changu kina umbo hili, hali yangu ni hii, naomba mniruhusu nje ya kanuni, na hivi ndivyo nitakavyohakikisha jirani haumii. Lazima utoe sababu ya ardhi yenyewe na namna utakavyozuia madhara. Kusema "nina shida" haitoshi, maana kila mtu ana shida. Kamati inaweza kukubali, kukubali kwa masharti, kuahirisha, au kukataa, na ukikataliwa unaweza kukata rufaa ngazi ya juu.

Jibu lilichukua miezi. Nawasimulia mwisho wake kabisa: walikataa vinne, wakakubali vitatu, kwa sharti la kuacha njia ya pamoja upande wa kushoto, na hiyo njia iandikwe kwenye ramani isiweze kufungwa. Mabinti wawili wakachukua kipande cha mbele kwa pamoja, kile chenye vyumba vya kupangisha, majina yote mawili kwenye hati. Wavulana wakaenda nyuma. Mvulana wa kwanza alinuna wiki tatu. Halafu akaanza kufyatua matofali.

Lakini turudi kwangu. Jioni ile tuliyotoka kwa afisa wa mipango, nilifungua mchoro wangu chini ya taa. Nusu ya Yaya. Nusu yangu. Nikajiuliza: Mama yuko wapi hapa? Mdogo wangu wa kike yuko wapi? Sikuwa nimewasahau kwa ubaya. Nilidhani wako "kwangu", yaani ndani ya nusu yangu. Lakini mimi naishi Mbarara. Nikioa, mke wangu atasema nini? Na mke wa Yaya, anayelima kila siku, jina lake halipo popote. Yaya akienda Kampala asirudi, nusu ya Yaya ni ya nani? Mimi niliyekasirika kwa kamba ya bluu nilikuwa nimepiga kamba yangu mwenyewe, kwa kalamu.

Nikachana ule ukurasa.

Nikamwonyesha mjane hali yetu, nikamwuliza kama na sisi tungeweza kuandika kwa kamati ya mji. Akacheka, akasema ardhi ya huko ina mlango mwingine. Ni kweli, na hapa niwaambie wazi sheria inasemaje, maana uvumi ni mwingi.

Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 237, inasema ardhi ni ya raia wa Uganda. Asiye raia anaweza kupata ardhi kwa kupangisha tu, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inaweka mwisho wa miaka 99. Hiyo ni kwa mwenye pesa ya kupangisha nje ya makazi. Ndani ya makazi, kuna Kanuni za Wakimbizi za 2010, zinazokuja chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2006. Zinasema mkimbizi anapata ardhi ya kulima au kuchunga, kwa matumizi yake na familia yake, lakini hana haki ya kuiuza, kuipangisha wala kuihamisha kwa namna nyingine. Kwa hiyo ile karatasi ya daftari ya Jumapili, hata ikiwa na mashahidi ishirini, haimlindi mtu. Aliyenunua anaweza kupoteza pesa, na aliyeuza anaweza kuulizwa.

Kuuza hapana. Lakini kuomba familia moja ikipanuka itambuliwe kama nyumba mbili kwenye ploti moja, kila nyumba ijue mwisho wake, hilo linaweza kuombwa. Na anayeombwa ni Ofisi ya Waziri Mkuu, OPM, kupitia Kamanda wa makazi. Neno la maana ni "matumizi". Unaomba kugawa matumizi. Ukiandika "ardhi yangu" umeshakosea mstari wa kwanza.

Nikarudi Nakivale kabla wiki mbili hazijaisha. Safari hii sikuenda kwa Yaya na hasira. Nilienda na laki moja na nusu, akiba yangu ya kununua mashine yangu mwenyewe ya kuchomelea. Nikamwambia, "Yaya, laki moja bado unayo. Hii ni yangu. Zimebaki elfu hamsini, tutamwomba yule bwana atusubiri. Turudishe avansi." Aliangalia zile pesa, hakuzigusa. Akasema, "Unanifanya mimi mutoto." Nikamwambia hapana, nakurudishia zile siku za panga.

Sijui kama lilikuwa jibu zuri. Lakini alikaa chini.

Tukafanya mkutano wa familia, watu watano chini ya parachichi: Mama, Yaya, mke wake, mimi, na mdogo wetu aliyeambiwa kwa mara ya kwanza, "Na weye ongea." Alikuwa na miaka kumi na tatu. Alisema kitu kimoja tu: "Mimi nataka kupita kwenda kwa maji bila kuomba ruhusa kwa mutu." Njia ya kisima inapita upande wa barabara. Yaani lile lile la Mbarara, na hakuna aliyemfundisha.

Tukachora tena. Nyumba ya Mama na mdogo wetu wabaki mbele, karibu na barabara. Nyumba ya Yaya na mke wake, nyuma, na shamba pana zaidi kwa sababu wana watoto watatu. Katikati pembeni, njia ya hatua mbili, ya wote, isilimwe wala kufungwa. Mimi sikujiwekea kipande. Iliniuma, siwadanganyi. Lakini nina kazi, na nikirudi nitalala kwa Mama kama mtoto wake.

Yaya akauliza, "Na barabarani?" Maana ndipo pesa ilipo. Tukakubaliana kuomba na ruhusa ya kibanda cha mbao, mke wake na Mama washone nguo na kuuza, kwa sababu upande ule umewekwa kwa makazi, si biashara. Hiyo ndiyo ile ya mjane: kuomba nje ya kanuni na kutoa sababu. Tukaandika kwamba kibanda ni cha mbao, kinaweza kuondolewa kwa siku moja, hakiingii kwenye hifadhi ya barabara, hakizuii maji ya mvua kwenda kwa jirani.

Barua yetu ilikuwa ukurasa mmoja. Namba ya atestesheni juu. Majina ya wote wanaoishi, na wanawake pia. Mchoro na hatua. Sahihi za majirani wa pande tatu. Wa nne alikuwa safarini, nikaandika hivyo hivyo, sikumsainia. Ikapita kwa mwenyekiti wetu wa RWC1, akagonga muhuri, ikapanda ngazi za juu za RWC, ikafika kwa Kamanda.

Hapa nilifanya kosa langu, na nalisema ili ninyi msilifanye. Sikutoa kopi. Nilikabidhi barua pekee niliyokuwa nayo, bila kuomba mtu aniandikie ameipokea tarehe fulani. Niliporudi kuulizia baada ya wiki tano, sikuwa na kitu mkononi cha kuonyesha. Nikaandika upya kila kitu, nikazunguka tena kwa majirani. Mzee wa upande wa kusini akaniambia, "Kijana, nilikusainia juzi. Unataka kuninyang'anya nini?" Ilibidi nikae naye saa nzima, tukanywa bushera, nikamwelewesha. Kopi ingekuwa shilingi mia chache.

Safari ya pili walikuja. Afisa mmoja, mwenyekiti, na viongozi wawili wa kijiji. Walipima, wakaita majirani, wakamwuliza Mama mbele ya watu wote kama amelazimishwa. Mama wangu, ambaye kwa ofisi huwa anaongea kwa sauti ya chini, akasimama. Akasema, "Hawa ni watoto wangu. Hii njia niliwaambia waiweke mimi." Si kweli kabisa, ilikuwa ya mdogo wetu. Lakini tulimwacha aseme.

Jibu lilikuja kwa maandishi. Kugawa matumizi: imekubaliwa, nyumba mbili, njia ibaki wazi. Kibanda: bado. Wanataka kuona kwanza mpango wa upande mzima wa barabara, maana wakimruhusu mmoja, kesho ni mabanda thelathini, na siku ya moto gari la maji halitapita. Nilikasirika kidogo, halafu nikakumbuka rula ya yule afisa wa Mbarara. Kanuni inayonizuia leo ndiyo itamzuia jirani kunifungia njia kesho. Mama kwa sasa anashona ndani, ametoa meza mlangoni.

Na Yaya? Alienda Kampala. Hakuuza. Tulimrudishia yule bwana laki mbili na nusu siku moja, na elfu hamsini tukamlipa kidogo kidogo, alikuwa mtu wa kuelewa. Yaya anatuma pesa miezi mingine, miezi mingine hapana. Mke wake analima upande wa nyuma, na jina lake liko kwenye ile karatasi pamoja na la Yaya. Msimu uliopita alipata magunia manne ya mahindi. Tunaongea na Yaya kwa simu, si kama zamani, lakini tunaongea. Mimi bado sijanunua mashine.

Vijana wenzangu, nikiwaachia machache: zungumzeni ploti kabla mzee hajaugua na kabla mtu hajapokea avansi. Andikeni majina ya wote, hasa wale mnaosema "wako kwetu tu". Acheni njia. Ombeni matumizi, msidai umiliki. Msimlipe mtu yeyote kwa sahihi bila risiti. Na jamani, kopi! Piga hata picha kwa simu.

Na ninyi wa mashirika, nina ombi moja. Mkija kujenga choo, au kutoa mabati, au kugawa mbegu, msiulize tu "mwenye nyumba ni nani?" Mtajibiwa jina moja, mara nyingi la mwanaume. Ulizeni nani wanaishi hapa, na kila mmoja anapita wapi. Mtajifunza familia nzima kwa swali hilo. Na mkikaa na OPM kwenye mipango ya barabara na masoko, mkumbuke meza ya Mama iliyo mlangoni, inangoja.

Ile kamba ya bluu Mama aliifungua mwenyewe siku ile barua ya jibu ilipofika. Hakuitupa. Anafungia mbuzi.